Kijito cha Nyuma ya Kilima

Muuguzi aliposema mtoto ana risasi kwenye damu, Mama Mchicha alimvua binti yake gauni palepale juu ya benchi la zahanati, akaanza kutafuta jeraha. Alimgeuza mgongo, akampapasa mbavu, akamwinua mkono na kumchungulia kwapani. Kadogo, wa miaka saba, alicheka kwa kutekenywa.

"Si risasi ya bunduki, mama," muuguzi alisema. Yeye hakucheka, ila mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni alicheka, na wa pili akacheka kwa sababu wa kwanza amecheka. "Ni madini. Yanaitwa hivyohivyo, risasi. Yamo kwenye tope la kijito chenu, na yanaingia mwilini kidogo kidogo."

"Kwani nani anakula tope?"

"Anakula mboga iliyoota kwenye tope. Anacheza, anatia kidole mdomoni. Vumbi likitua kwenye sahani, analila." Muuguzi aliigeuza karatasi ili Mama Mchicha aione, kana kwamba kuiona kungesaidia. "Hata tano ni nyingi. Huyu ana arobaini na nane."

Mama Mchicha alimvisha mtoto gauni lake. Alilivisha ndani nje, na hakuligundua hilo mpaka walipofika nyumbani.

"Ndiyo maana herufi hazimkai?" aliuliza.

Alipokuwa na miaka mitano Kadogo aliandika jina lake ukutani kwa mkaa, likasomeka. Sasa alikuwa akiitazama herufi ya kwanza kama mtu anayemtazama mgeni aliyewahi kukutana naye mahali fulani. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake neno moja, mzembe. Na kwa sababu ya neno hilo, wiki moja tu kabla ya siku ile, Mama Mchicha alimchapa mwanawe fimbo nne za miguu. Muuguzi hakulijua hilo. Alisema tu, "Inawezekana, mama. Madini haya yanapenda kichwa cha mtoto."

"Dawa ipo?"

"Ipo, ila si hapa. Ni hospitali kubwa, na lazima alazwe. Na akitoka huko akarudi kwenye tope lilelile, ni kazi bure." Alishusha sauti, maana foleni nzima ilikuwa imetega masikio. "Subirini ripoti. Kampuni ilipokinunua kilima ilirithi na lawama za mgodi wa zamani. Ikionekana uchafu ni wa mgodi, itawatibu watoto wote thelathini na mmoja, na maji safi italeta. Ndivyo walivyoandikishiana na serikali."

"Na ikionekana si wa mgodi?"

"Utakuwa wa nani mwingine?" muuguzi alisema, akamwita anayefuata.

Mgodi ule ulifungwa kabla Mama Mchicha hajaolewa. Alichokikuta yeye ni kilima chenye mashimo, mnara wa chuma ulioinama, na kijito kilichopita chini yake rangi ya chai ya maziwa. Kando ya kijito yalikuwepo mashamba kumi na mawili ya mboga, na moja lilikuwa la baba mkwe wake. Udongo wake ulikuwa laini kama unga, hauna jiwe hata moja. Alipoingiza jembe mara ya kwanza aliona amepata bahati. Kwa miaka kumi alilima pale mchicha uliompa jina sokoni.

Baba mkwe wake aliitwa Mzee Winchi, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kwenye winchi ya mgodi, akivuta na kuteremsha vigari vya mawe. Sasa alikuwa na kifua kibovu na kiti cha kamba barazani, na kazi yake kubwa ilikuwa kumfundisha Kadogo kupiga mluzi.

Mume wa Mama Mchicha ndiye aliyekuwa na uhusiano na ripoti. Kampuni, kabla haijaanza kuchimba upya, ilitakiwa ipime uchafu ulioachwa na wachimbaji wa zamani, na kwa hiyo ikaajiri vibarua. Yeye akawa kibarua wa kuchota tope. Alipewa koti lenye mistari inayong'aa na viatu vya mpira, akafundishwa kuingia kijitoni akitokea chini kwenda juu ili asilitibue tope kabla ya kulichota, kulipitisha kwenye chekeche, kulitia kwenye mfuko wa karatasi na kuandika namba. Majirani walimpa jina la Mbeba Tope. Alijitia kuudhika, lakini jina lilimpendeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi ya kuandika.

Aliyewaongoza alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye watu wote walimwita Dada wa Vipimo. Ndiye siku moja aliyemuuliza Mbeba Tope swali lililoonekana jepesi.

"Tumeshapima kijito kinachopita mgodini. Sasa tunahitaji cha kukilinganisha nacho. Kijito cha kilima hikihiki, mwamba uleule, ila hakijawahi kuguswa na mgodi. Hapo ndipo tutajua udongo wenyewe una risasi kiasi gani kwa asili yake. Kinachozidi hapo ndicho cha mgodi. Unakijua kijito cha namna hiyo?"

"Nakijua," Mbeba Tope alisema kwa haraka, maana alipenda kuwa mtu anayejua. "Kipo nyuma ya kilima, msituni. Nimewinda sungura huko tangu mdogo. Hakuna hata shimo la panya."

Akawapeleka. Wakachota mifuko minane. Jioni ile alipomsimulia baba yake, Mzee Winchi alikuwa akimfunga Kadogo kamba ya kiatu. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kufunga.

Ripoti ilisomwa miezi mitatu baadaye, katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa kidevu. Msemaji wa kampuni alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Dada wa Vipimo alisimama ubaoni na karatasi zake, na hakuinua macho mpaka alipofika mwisho.

"Tope la kijito chenu lina risasi nyingi. Hilo hatulikatai," alisema. "Lakini kijito cha nyuma ya kilima, ambako hakujawahi kuwa na mgodi, nacho kina kiasi kinachokaribiana nacho. Maana yake ni kwamba mwamba wa kilima chote una risasi tangu zamani. Mvua inaukwangua na kuishusha. Hiki tunakiita kiwango cha asili."

Fundi cherehani mmoja, mwenye watoto wawili kwenye ile orodha ya thelathini na mmoja, akasema, "Kwa hiyo mdaiwa ni Mungu?"

Watu walicheka. Kicheko kilikatika ghafla, kila mtu akabaki anatazama meza iliyo mbele yake.

"Hakuna wa kulaumiwa," msemaji wa kampuni alisema kwa upole. "Poleni sana. Tunashauri msitumie maji ya kijito, na watoto wanawe mikono."

"Wanawe kwa maji gani?" Mama Mchicha aliuliza.

Mwenyekiti wa mtaa aliinuka. "Mimi nina swali dogo. Hicho kijito cha nyuma ya kilima, nani aliwaonyesha?"

Dada wa Vipimo alisita. "Kibarua wetu. Ni mwenyeji wa hapahapa."

Hakuhitaji kusema zaidi. Vichwa vyote viligeuka mara moja kumtazama Mbeba Tope, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lake linalong'aa. Aliyeanza kutoka alimpita bila kumsalimu. Wa pili alimpita akasema, "Hongera kwa kazi." Alipobaki na mkewe peke yao alilivua lile koti, akalikunja, akalishika mkononi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sokoni habari ilifika kabla ya Mama Mchicha. Mteja wake kwa miaka sita, mwenye kibanda cha chakula, alinyanyua fungu la mchicha, akalinusa.

"Huu ni wa kijitoni?"

"Ni uleule unaochukua siku zote."

Yule mama alilirudisha fungu polepole, kisha akajifuta vidole kwenye gauni, kimoja kimoja. Pengine hakujua kuwa anafanya hivyo. Mama Mchicha alivitazama vile vidole mpaka vikaisha.

Jirani yake wa meza, muuza nyanya, alimsogelea baadaye. "Shoga, usinielewe vibaya. Sisi ni ndugu. Lakini wateja wanaona meza zetu zimegusana."

"Unataka nihame?"

"Sijasema uhame. Sogea tu. Hata kule karibu na choo kuna nafasi."

Alisogea. Alikaa kule mpaka saa nane, mchicha ukanyauka, hakuuza hata fungu moja. Alirudi nyumbani na kikapu kilekile alichoondoka nacho, akakibwaga barazani mbele ya baba mkwe wake, si kwa hasira na mzee, ila kwa kuwa mikono ilichoka.

Mzee Winchi aliutazama ule mchicha muda mrefu. Tangu siku ya ripoti alikuwa hali vizuri. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na Kadogo alipokuja na midomo amekunja tayari kwa mluzi, mzee alijitia usingizi.

"Mwanangu," alisema, "walisema nyuma ya kilima hapajawahi kuwa na mgodi?"

"Ndivyo walivyosema, baba. Mwanao ndiye aliyewapeleka."

"Mgodi haukuwepo. Hilo ni kweli." Alikohoa, akasubiri kikohozi kimwachie. "Ila palikuwepo mahali pa kuoshea mawe. Kabla hawajajenga mtambo wa upande huu, mawe yalivushwa kilima kwa kamba, yakasagwa kule na kuoshwa kwenye kile kijito. Mimi ndiye niliyekuwa nayavusha."

Mama Mchicha alikuwa ameinama kuokota kikapu. Alikaa hivyohivyo, ameinama.

"Baba. Miezi mitatu?"

Mzee aliokota jani la mchicha lililoanguka, akalirudisha kikapuni.

"Mume wangu anatembea mtaani hana uso. Mjukuu wako anashika tumbo analia, herufi hazimkai, mimi nikamchapa nikidhani ni mzembe. Na wewe umekaa hapa unalijua hili?"

"Nililijua."

Kwenye nyumba ile mkwe hakuwahi kumpandishia mzee sauti, na hata sasa hakumpandishia. Alikwenda uani alikokuwa mumewe, akamwambia kwa maneno machache. Mbeba Tope alisikiliza ameshika jembe. Kitu cha kwanza alichosema kilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Nikiwaambia nimewaonyesha pasipo, kazi ndiyo basi."

"Ndiyo."

"Na watasema nimetumwa. Kwamba tumetunga ili tutibiwe bure."

"Watasema," mkewe alikubali. "Vaa shati."

Mlinzi wa geti la ofisi alimjua Mbeba Tope vizuri. Walikuwa wakila pamoja wakati wa mapumziko. Siku hiyo alimuuliza jina, akamuuliza ana miadi na nani, akamwacha amesimama juani zaidi ya saa nzima. "Ni maagizo, ndugu yangu," alisema akitazama pembeni. "Siku hizi mtaa mzima unakutaja, na ofisi haitaki fujo."

Dada wa Vipimo alimsikiliza amesimama, mlango ukiwa wazi. Katikati ya maelezo alikwenda kuufunga. Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Mfuko wa tano," alisema. "Kuanzia chini mpaka mfuko wa tano risasi ni nyingi. Wa sita, wa saba na wa nane, kule juu kabisa, inashuka ghafla mpaka karibu na sifuri. Niliiona. Nikaandika kuwa huenda mwamba unabadilika pale." Alivua miwani. "Msimamizi aliniambia nichukue wastani."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa na wasiwasi, nikaunyamazisha. Unajua tofauti yake?"

"Mimi nilisema hakuna hata shimo la panya," Mbeba Tope alisema. "Sikuwahi kuuliza mtu."

Ripoti ilikuwa imeshasainiwa. Kuifungua upya kulihitaji kitu kinachoshikika, si maneno ya mzee na mwanawe. Lazima mtu aonyeshe mahali penyewe, pachimbwe, na kilichomo kipimwe. "Baba yako anaweza kupanda kilima?" aliuliza.

"Hawezi kwenda hata dukani."

"Basi sijui."

Mzee Winchi alipoambiwa, aliomba fimbo yake.

Waliondoka asubuhi, siku ya mapumziko ya Dada wa Vipimo, bila gari la kampuni. Kadogo aliachwa kwa jirani. Mbeba Tope alibeba koleo na chekeche, Mama Mchicha chupa ya maji. Mzee alitembea hatua ishirini akapumzika, hatua kumi na tano akapumzika. Sauti ya kifua chake ilisikika kama mtu anayekwaruza sufuria. Mlima ulipoanza kusimama, mwanawe alimpa mkewe koleo, akachuchumaa.

"Panda, baba."

"Nishushe, sijafa," mzee alisema alipokwisha kuwa mgongoni, lakini alikuwa ameshamkumbatia shingo.

Nyuma ya kilima palikuwa na msitu mzuri, na maji yake yalikuwa meupe kabisa. Yeyote angeapa kuwa mkono wa mtu haujafika pale. Mzee alishushwa, akasimama akitweta, akatazama huku na huku kama mtu aliyerudi nyumba aliyokulia akakuta milango imehamishwa. Kisha akanyoosha fimbo.

"Itazameni miti."

Dada wa Vipimo aliitazama. Alitembea hatua chache kushoto, akafumba jicho moja. "Imejipanga mistari," alisema taratibu. "Ilipandwa. Nimepita hapa mara mbili."

"Chimba hapo, katikati ya ule na ule."

Mbeba Tope alichimba. Kwanza ulitoka udongo mweusi wa majani, kisha wa kahawia. Shimo lilipofika magotini koleo lilibadilika sauti, likaanza kuingia bila kupingwa. Alichokitoa kilikuwa cha kijivu, laini, hakina jiwe hata moja. Mama Mchicha aliinama akakishika. Aliujua ulaini ule. Mikono yake iliujua kwa miaka kumi.

"Tuliuita unga," mzee alisema. Alikuwa ameketi chini ameegemea mti. "Wa upande ule na wa upande huu ni mmoja. Huku ulikuwa umejaa, ukaanza kuporomokea majini. Halafu wakaguzi wakatangaza wanakuja. Bwana mkubwa wa mgodi akachagua watu kumi na wawili. Tuliufukia kwa siku tisa, tukapanda miti juu."

Dada wa Vipimo alikuwa akiandika. "Na kwa nini hamkusema miaka yote hii, mzee? Mgodi ulifungwa. Bwana mkubwa aliondoka. Mlikuwa mnamwogopa nani?"

Mzee Winchi alimtazama mkwe wake. Ni dhahiri alikuwa amepanda kilima kizima akilisubiri swali hili, na akitumaini halitaulizwa.

"Tulipewa mashamba," alisema. "Kila mmoja kipande, na karatasi yenye mhuri. Ya kijitoni."

"Mashamba kumi na mawili," Dada wa Vipimo alisema.

"Kumi na mawili."

Mbeba Tope alisimama ndani ya shimo, hatoki. Mama Mchicha aliikung'uta mikono yake, akaikung'uta tena, unga haukutoka wote kwenye mistari ya viganja. Aliiweka chupa ya maji chini, karibu na mkono wa mzee ili aifikie, akageuka akateremka kilima peke yake. Wakamwita jina lake la sokoni, wakamwita Mama Kadogo. Hakugeuka.

Majibu yalichukua wiki nne. Walichota safari hii juu ya mahali pa kuoshea, na kwenye vijito vingine viwili vya mbali, na mifuko ikapelekwa maabara ya nje ya kampuni. Kwa watu wa darasani namba zilikuwa chache na nyepesi kukumbuka. Kwa kipimo cha tope, kiwango cha asili cha kilima chao kilikuwa thelathini. Kijito chao kilikuwa na elfu mbili na mia moja.

Dada wa Vipimo aliisoma ripoti ya pili mwenyewe, na safari hii aliinua macho. "Ile ya kwanza nilikosea," alisema. Msemaji wa kampuni alikuwa ameketi na daftari lililofungwa. Watu walipiga makofi, fundi cherehani akamsamehe Mungu kwa sauti kubwa, watu wakacheka tena, safari hii mpaka mwisho. Wiki iliyofuata Dada wa Vipimo alihamishiwa ofisi ya mbali. Mbeba Tope aliitwa getini, akaambiwa arudishe koti na viatu. Mlinzi alivihesabu mbele yake, koti moja, viatu viwili, kana kwamba angeweza kurudisha kiatu kimoja.

Kadogo alilazwa wodi moja na watoto wengine kumi na wanane, walio na damu mbaya zaidi. Alipewa dawa, akapumzishwa, akapewa tena. Alirudi amekonda, tumbo haliumi, namba yake imeshuka hadi ishirini na sita. Muuguzi wa zahanati alifurahi kweli. Alimshika Kadogo mashavu.

"Na alivyovisahau?" Mama Mchicha aliuliza. "Vitarudi?"

Muuguzi aliendelea kumshika mtoto mashavu. "Vingine vitarudi," alisema.

"Na vingine?"

"Mwache acheze, mama. Mpe maziwa, mpe mayai. Na asichapwe."

Mama Mchicha alisema asante. Walipofika njiani alimshika mwanawe mkono kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika.

Kilichofuata hakuna aliyekifikiria siku ya makofi. Kama unga ni wa mgodi, basi mashamba kumi na mawili si mashamba, ni jalala. Lilikuja tingatinga la njano, likakwangua udongo kwenda chini kiasi cha urefu wa mkono, pamoja na mchicha, pamoja na miti ya ndizi, pamoja na kibanda alichojenga Mbeba Tope. Waliopewa mashamba wengi walikuwa wameshakufa, lakini watoto na wajukuu wao walikuwepo, wamesimama nyuma ya utepe mwekundu. Watoto wa watu wale walikuwa wametibiwa kwa sababu ya Mzee Winchi, na chakula chao kilikuwa kinabebwa na tingatinga kwa sababu yake yeye yuleyule. La pili lilikuwa linaonekana kwa macho.

"Alikula akashiba, sasa anatutapikia," mjane mmoja alisema. Mumewe alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Baada ya hapo barazani hakukuwa na mtu wa kupita kusalimia. Mzee alijua kwa nini, hakulalamika. Alichokuwa anakisikiliza ni kimya cha ndani ya nyumba yake. Mkwe alimpikia, akamfulia, akampa dawa ya kifua kwa saa zake. Alimwekea sahani, akasema "karibu," akaondoka. Zaidi ya neno hilo, tangu siku ya kilima hakuwa amemwambia lolote. Mumewe alijaribu mara moja kuingilia.

"Angekaa kimya mpaka afe, nani angejua? Amesema."

"Amesema," mkewe alisema. "Umeona alisema lini? Wakati hakuna tena pa kujificha."

Mbeba Tope alitaka kubishana, akakumbuka mifuko minane, akaondoka kwenda kutafuta kibarua cha kupakia matofali.

Lori la maji lilikuja kila baada ya siku mbili, likasimama mbele ya shule. Foleni ilianza mapema, ndoo za plastiki za kila rangi. Mama Mchicha alikuwa karibu na bomba alipomwona baba mkwe wake akija. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na ndoo ndogo mkono wa pili. Hakuna aliyemtuma. Pengine alikuwa amechoka kuletewa kila kitu na mtu asiyesema naye.

Hakuna aliyemtukana. Mahali pengine mzee mwenye fimbo angeambiwa pita mbele, baba, chota uende. Hapa kila mtu alipata jambo la kutazama kwenye ndoo yake. Mzee alikwenda mpaka mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya yule mjane, akaiweka ndoo chini. Mjane akachukua yake, akasogea upande, ukabaki uwazi wa hatua mbili kati yao, na jua lilikuwa kali. Mzee alisimama. Aliiegemea fimbo kwa mikono miwili.

Zamu ya Mama Mchicha ilifika. Dereva wa lori alimshikia bomba. Yeye alimwambia asubiri, akatoka kwenye nafasi yake, akatembea mpaka mwisho wa foleni, wote wakimwona, akaichukua ile ndoo ndogo kwenye miguu ya mzee. Akarudi nayo, akaijaza kwanza, kabla ya yake.

"Hiyo ni zamu ya nani?" mjane aliuliza kutoka kule nyuma.

"Ni yangu," Mama Mchicha alijibu. "Nimeamua kuichota hivi."

Alijaza na ndoo yake kubwa, akaiinua kichwani. Ndoo ndogo alimpelekea mzee, lakini hakumkabidhi. Alishika mpini upande mmoja, akauacha upande wa pili wazi.

"Mwanangu," Mzee Winchi alianza. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mimi najua kwamba..."

"Usiseme kitu, baba. Sijakusamehe. Shika upande huo, maji yanamwagika."

Mzee aliihamisha fimbo mkono wa kushoto, akashika. Wakaondoka hivyo, ndoo ikining'inia kati yao, hatua kumi na tano, kupumzika, hatua kumi na tano, kupumzika. Kila waliposimama, Mama Mchicha aliitazama njia iliyo mbele, shingo imenyooka chini ya maji, akasubiri kifua cha mzee kitulie.